Joho lina ushahidi, wimbo hauna

Ingia katika kanisa la St Mary mjini Beverley, kaskazini mashariki mwa Uingereza, utafute nguzo yenye wanaume watano waliochongwa. Mnara wa kanisa hilo uliporomoka mwaka 1520. Wakati wa kujenga upya, chama cha wapiga muziki kikajitolea kulipia nguzo moja, na juu yake wakawekwa wao wenyewe, kwa rangi kamili. Makoti yao yanaishia magotini, shingoni kuna mikufu, na kwenye mikanda inaning'inia mikoba ya fedha.

Sasa tazama mikononi. Baadhi ya ala zimeharibika kiasi kwamba ni vigumu kusema zilikuwa nini.

Koti limebaki, ala imekwenda.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu linapindua hukumu ambayo sisi wapenzi wa muziki wa kale tumeizoea. Kikundi kinachopanda jukwaani kimevaa suruali na shati jeusi tunakiita cha wasomi. Kikundi kinachokuja na majoho mekundu, soksi ndefu na kofia zenye mkia tunakiita cha maonyesho, cha kufurahisha watoto siku ya tamasha la mji. Tunadhani muziki ndio historia na vazi ni pambo lililoongezwa juu.

Lakini ukifungua kumbukumbu za miji yenyewe, mambo yako kinyume.

Karani aliandika nini

Kuanzia karne ya 14 hadi ya 17, miji mingi ya Ulaya iliajiri wapiga muziki wake. Italia waliitwa pifferi, Ujerumani Stadtpfeifer. Leipzig ilimwajiri Hans Nagel na wanawe wawili mwaka 1479. Kazi yao ilikuwa kupiga mbele ya meya katika maandamano, kwenye karamu za baraza, kwenye harusi za wenye uwezo, na katika miji mingine juu ya mnara kwa saa maalumu.

Walilipwa na baraza, kwa hiyo wameandikwa na karani wa baraza. Na karani yeyote, wa zama zozote, huandika kile kilichotoa fedha mfukoni: mishahara, vitambaa vya sare, matengenezo ya ala, uzito wa fedha kwenye mikufu. Bendi ya mji wa London ilivaa majoho ya buluu yenye mikono na kofia nyekundu, pamoja na mkufu wa fedha. Mikufu ilikuwa mali ya mji. Mpigaji alitafuta wadhamini kabla ya kukabidhiwa, na akifa au akifukuzwa, mkufu ulirudi.

Norwich ilifanya hesabu ya mali ya bendi yake katika miaka ya 1580: tarumbeta mbili, tromboni nne za kale, zumari tatu, filimbi tano za seti moja, na ala moja kuukuu ya pembe iliyopinda kama nyoka. Mwaka 1589 nahodha Francis Drake aliomba wapigaji wa Norwich waandamane naye katika msafara wa Ureno. Mji ukawapa vifaa vya safari, na wengi wao hawakurudi. Mwaka 1600 mchekeshaji Will Kemp, aliyecheza ngoma njia nzima kutoka London hadi Norwich, aliwasifu wapigaji wa mji huo kwa ala za kupuliza, kwa fidla na kwa sauti zao za kuimba.

Tunajua walivaa nini, walilipwa nini na walimiliki nini.

Wimbo mmoja, kwa nota, kutoka kwenye daftari hizo? Hakuna.

Wala si ajabu. Mpiga muziki wa mji alikuwa fundi, na ufundi wake aliupata kwa kukaa miaka chini ya bwana wake, kwa sikio na kwa vidole. Hakuna fundi seremala anayeandika namna ya kushika randa. Aidha, nyimbo zilikuwa mtaji wa riziki. Kuziandika ni kumpa jirani funguo za duka.

Hata pwani yetu imeandikwa kwa namna hiyohiyo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari ile alieleza mapokezi ya mfalme: wapiga tarumbeta wengi, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni, zikipatana vizuri na tarumbeta. Ametupa urefu, nakshi na mahali pa tundu, na hata akakiri kwamba sauti zilikuwa tamu. Zilipiga nini, hakuandika.

Ngoma za mtu mwingine

Sasa njoo kwenye tamasha la leo. Wapigaji watano wamevaa vizuri kabisa mavazi ya mwaka 1380 hivi: kanzu za kubana zenye vifungo kuanzia shingoni hadi kiunoni, rangi nusu kwa nusu, kofia zenye mkia mrefu. Wanapiga nini? Mara nyingi mno wanapiga ngoma za Susato, yaani muziki wake wa kuchezea.

Tielman Susato alikuwa kweli mpigaji wa bendi ya mji, huko Antwerp, hadi alipofukuzwa mwaka 1549. Kitabu chake cha ngoma, Danserye, kilichapishwa mwaka 1551. Ni muziki mzuri, umepangwa kwa sauti nne, unalingana na ala zozote ulizo nazo, na mtu wa kawaida anaweza kuupiga baada ya mazoezi machache. Ndiyo maana kila mtu anaupiga. Lakini kati ya vazi lile na muziki ule kuna miaka 170. Wengine huongeza ngoma za Mjerumani Praetorius za mwaka 1612, na pengo likazidi karne mbili.

Hapo ndipo hoja yangu inapouma. Kama kuna uongo kwenye jukwaa hilo, haumo kwenye joho. Joho limefuata mchoro, limefuata daftari, limeshonwa kwa mkono. Uongo umo kwenye stendi ya nota.

Na stendi yenyewe ni tatizo. Katika picha za zamani za bendi za miji huoni karatasi. Sanduku maarufu la Adimari, lililochorwa na Lo Scheggia huko Florence katikati ya karne ya 15, linaonyesha wapigaji wameketi na zumari zao na ala moja ya shaba, huku wacheza ngoma wakipita mbele yao. Hakuna anayesoma chochote.

Vyanzo vya muziki vya zama zenyewe vipo, ila ni vichache na vya pembeni. Kuna daftari la Zorzi Trombetta, mpiga tarumbeta wa merikebu za Venice katika miaka ya 1440, ambamo alijaribu kupanga sauti za kuandamana na wimbo. Kuna kitabu cha ngoma za kasri ya Burgundy kilichoko Brussels, kurasa nyeusi zilizoandikwa kwa dhahabu na fedha. Na kuna maneno ya Johannes Tinctoris, mtaalamu wa nadharia ya muziki, aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1480 kwamba zumari, bombadi (zumari kubwa ya sauti ya teno) na tromboni zikipigwa pamoja huitwa alta, bendi ya sauti kubwa, na kwamba tromboni hushika sauti ya chini.

Kile kitabu cheusi cha Brussels ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha wazi kinachokosekana. Karibu kila ngoma ina mstari mmoja tu wa nota ndefu zinazofanana, bila mapigo. Chini yake kuna herufi za hatua za miguu. Basi.

Ule si wimbo. Ni msingi wa nyumba, na kuta wapigaji walizijenga papo hapo.

Teno kwanza

Kwa hiyo kikundi kinachotaka muziki wake ulingane na joho lake kina njia moja ya heshima: kujifunza kujenga kuta. Inawezekana. Kikundi cha Les haulz et les bas kilifanya hivyo kwa miaka mingi, na waliosoma chuo cha muziki wa kale cha Schola Cantorum Basiliensis kule Basel hufundishwa stadi hii darasani. Waliozoea kuimba kwaya kwa sol-fa (do, re, mi) hawatapata shida kuuelewa utaratibu wake, ingawa vidole vitachukua muda.

Anayepiga bombadi anashika mstari wa kitabu, ambao nao huitwa teno. Nota moja ya teno ni sawa na kipimo kimoja cha hatua za wachezaji. Hili lisichukuliwe kwa wepesi: ukiongeza nota moja kwa bahati mbaya, wachezaji wote wanaishia upande usio wao wa ukumbi. Kwa hiyo teno inajifunzwa kwanza kwa kutembea, si kwa kupuliza. Kikundi kizima kinaitembea na kuihesabu kwa sauti mpaka kila mtu aijue bila karatasi, akiwemo yule ambaye hatawahi kuipiga.

Kisha anaingia soprano. Wiki za mwanzo apige nota moja tu juu ya kila nota ya teno, akichagua ya tatu, ya tano, ya sita au ya nane juu yake. Kanuni kuu ni moja: asifuatanishe tano mbili wala oktava mbili zikienda upande mmoja na teno. Akizoea, apige nota mbili kwa moja, halafu nne, akijaza nafasi kwa ngazi. Mapambo yaje mwisho. Kosa la kawaida ni kuanza na mapambo. Unapata mtu anayekimbia juu chini kwa madaha na kutua mahali pasipopatana na chochote.

Mwisho wa kila sehemu una fomula yake, nayo ifanyiwe mazoezi peke yake hadi itoke bila kufikiri. Teno anashuka re kwenda do. Soprano yuko ti juu yake, anapanda do. Wa tatu, mwenye ala ya shaba, anashika so ya chini, na teno anapotua, yeye anaruka oktava nzima hadi so ya juu. Mwishowe mnasikia do, so, do, safi bila ya tatu.

Ule mruko wa oktava unaonekana wa kishujaa kwenye karatasi. Kwenye ala ya shaba ni rahisi kuliko hatua moja ya kawaida: mtelezo, yaani bomba linalosukumwa kubadili sauti, hausogezwi, midomo tu inakaza.

Hapo ndipo niliposhawishika. Muziki wa kwenye karatasi wa karne ya 15 umejaa miruko hiyo katika sauti ya tatu, na kwa mwimbaji ni ya ajabu. Ukiweka ala mkononi, inaacha kuwa ya ajabu.

Tarumbeta isiyokuwepo

Ala hiyo ya shaba ina kesi yake. Kabla ya tromboni kupata mtelezo wake wa mabomba mawili, inaaminika kulikuwa na tarumbeta yenye mtelezo wa bomba moja: mkono mmoja unabana kidomo midomoni, mwingine unasukuma tarumbeta nzima mbele na nyuma. Hakuna hata moja ya karne ya 15 iliyosalimika, na mwaka 1984 mtafiti Peter Downey aliandika kwamba haikuwahi kuwepo. Wengi walimpinga, na leo mafundi wanaziunda kwa kufuata michoro.

Anayenunua moja ajue hesabu yake. Katika bomba la takriban mita 2.2, kushusha nusu toni ya kwanza kunataka kusogeza tarumbeta nzima karibu sentimita 13. Tromboni, kwa kuwa bomba lake limejikunja mara mbili, ingehitaji nusu ya hapo kwa urefu uleule. Mkono wa mtu wa kawaida unafika nusu toni tatu au nne, basi. Nyimbo za mbio zisahauliwe. Na mikono mipana ya joho ifungwe kwa uzi kwenye kifundo, la sivyo kitambaa kitaingia kati ya mtelezo na bomba katikati ya maandamano.

Baadhi ya vikundi hukata kengele, yaani mdomo mpana wa mbele, ya tromboni ya kisasa na kuiita ya kale. Sauti inapungua kweli, lakini bomba linabaki pana na kuta nene, na inaendelea kuzipiga kumbo zumari. Tromboni ya zamani zaidi yenye tarehe iliyobaki ni ya Erasmus Schnitzer wa Nuremberg, 1551. Nakala za ala za namna hiyo zina kengele nyembamba, na ndizo zinazopatana na zumari.

Ulimi

Asilimia kubwa ya matatizo ya bendi hizi yako kwenye kipande cha mwanzi kisichozidi urefu wa kidole.

Zumari ya Ulaya hupulizwa kwa ulimi wa mwanzi wa Arundo donax, ule unaoota kando ya Bahari ya Kati. Mwanzi unapasuliwa, unakwanguliwa ndani, unaloweshwa hadi ukubali kukunjwa, unafungwa kwa uzi kwenye kijibomba cha shaba nyeupe au njano, kisha ncha inakatwa na kukwanguliwa. Wa soprano ni mpana kuliko wa oboi na mwembamba kuliko wa basuni. Juu ya kijibomba huvikwa kikombe cha mbao, piruete, cha kuegemeza midomo.

Ukikwangua, sauti inashuka na ulimi unakuwa mwepesi. Ukikata ncha, sauti inapanda na ulimi unakuwa mgumu. Kwa hiyo kila kosa lina dawa mbili zinazopingana, na anayezichanganya anaishia na kipande cha kuchokonolea meno. Sauti ya chini ikikataa kutoka, mara nyingi ncha ni nene mno pembeni. Oktava ya juu ikishuka, ulimi umefunguka mno: ubanwe taratibu karibu na kijibomba ukiwa umelowa. Usibanwe mkavu, utapasuka, na utapasuka dakika tano kabla ya meya kutoka nje.

Ulimi uloweshwe dakika chache, usiachwe majini hadi ulegee. Kila mpigaji awe na angalau tatu zilizozoeshwa, katika kisanduku chenye matundu ya hewa. Kikifungwa kabisa, ukungu unaingia. Siku ya baridi zumari huanza chini ya sauti na kupanda kadiri pumzi inavyoipasha joto, kwa hiyo kupatanisha sauti ndani ya nyumba halafu kutoka nje ni kazi bure. Patanisheni mahali mtakapopigia. Ala mpya ya mbao ipigwe dakika 10 hadi 15 kwa siku katika wiki za mwanzo, na ndani ipakwe mafuta ya lozi ikiwa kavu, maana unyevu wa ghafla huipasua kwenye urefu wa mbao.

Kuna ndimi za plastiki. Wasafi wa imani hawataki kuzisikia. Mimi nasema kwa maandamano ya mvua zinaokoa siku, na hakuna msikilizaji aliye mita ishirini atakayelalamika.

Midomo nayo ina kikomo. Baada ya dakika 20 za zumari mfululizo, wengi huanza kuuma ulimi wa mwanzi na sauti inapanda na kukwaruza. Bendi za zamani zilijua: zile filimbi tano za Norwich hazikuwa pambo. Piga sauti kubwa nje, ingia ndani, badili uwe na filimbi au fidla, midomo ipumzike. Na wanaosimama mbele ya zumari waweke vizibo masikioni. Kofia ya mkia inavificha vizuri.

440 au 466

Hii ni fupi, lakini imevunja vikundi.

Ala za kisasa hupatanishwa la ikiwa herzi 440. Korneto nyingi za Kiitaliano zilizobaki (ala za mbao zenye kidomo kama cha tarumbeta) zinaangukia karibu na 466, nusu toni juu yake. Mafundi wa leo huuza ala za kale katika vimo vyote viwili. Mtu akinunua bombadi ya 440 kwa bei nzuri, na wenzake wana 466, hakuna kukwangua ulimi kutakakoziba pengo hilo. Ikijaribiwa, ala inapoteza uwiano kati ya nota zake zenyewe. Kimo kikubaliwe kabla ya mtu yeyote kutoa fedha.

Baada ya hapo ni masikio. Zumari mbili zikipiga tano isiyo safi, mtikisiko wake husikika hadi mtaa wa pili.

Joho kazini

Nimesema joho lina ushahidi. Lina pia mambo ya kufundisha, na hapo wenye mashati meusi wanakosa kitu.

Vaa kanzu ya sufu iliyobana kifua, na mkanda kiunoni, halafu ujaribu kuvuta pumzi ya kina. Haiendi tumboni kama mwalimu wa sauti anavyotaka. Inabidi mkanda ushuke nyongani, na kanzu ikatwe na nafasi ya kutosha chini ya mbavu. Mshonaji ampime mpigaji akiwa amejaza pumzi. Kofia inayofunika masikio inakuzuia kumsikia mwenzako, kwa hiyo ama unaishusha mabegani wakati wa kupiga, ama mnasimama mmekaribiana kuliko mnavyosimama jukwaani siku hizi. Angalia michoro: wamekaribiana. Soli za ngozi zinateleza kwenye mawe yaliyolowa, kwa hiyo mwendo unakuwa mfupi na wa kukanyaga bapa, na kasi ya wimbo wa maandamano inashuka yenyewe.

Kwa joho moja la magotini na kofia yake, tenga mita tatu hadi nne za sufu yenye upana wa mita moja na nusu. Ndani iwe shati la kitani, kwa sababu sufu inawasha na jasho linahitaji mahali pa kwenda. Polista inafanana na sufu kwenye picha tu. Juani inapika, na ikinyeshewa inang'ang'ania mwilini, wakati sufu nzito humwaga mvua ndogo kwa muda mrefu.

Na wote wavae sare moja. Hili hukosewa sana: kila mpigaji anakuja na vazi lake alipendalo, mmoja kama mkulima, mwingine kama mwana wa mfalme. Bendi ya mji ilivaa kitambaa kilichonunuliwa na mji. Kikundi cha The York Waits, kilichoanzishwa mwaka 1977 kufufua bendi ya York, huvaa nyekundu ya aina moja, na mtu anayewaona kwa mbali anaelewa bila kuambiwa kwamba hawa ni wa mamlaka fulani. Bendi halisi za namna hiyo nchini Uingereza zilikufa kwa sheria ya mabaraza ya miji ya mwaka 1835. Walipovuliwa sare, walibaki wapiga muziki wa kawaida.

Kuazima kwa walio hai

Lipo shaka moja ambalo sijalimaliza.

Katika miaka ya 1960, Thomas Binkley na kikundi chake cha Studio der frühen Musik kule Munich waliangalia muziki wa Afrika Kaskazini kutafuta jinsi ya kuzipa uhai nyimbo za zama za kati: vitangulizi virefu, mapambo, ngoma chini. Hoja ilikuwa na msingi. Zumari ya Ulaya ina ukoo mmoja na zile za ulimwengu wa Kiislamu, na ukoo huo umefika hadi kwetu. Zumari ya pwani ya Kenya ina ulimi wa jani la mvumo na kisahani cha kuegemeza midomo, kinachofanya kazi inayokaribiana na piruete, na mpigaji wake hujaza mashavu pumzi ili sauti isikatike. Yeyote anayetaka kujua jinsi ya kupiga zumari saa nzima kwenye harusi bila kuua midomo, angekaa naye chini kabla ya kununua kitabu.

Mbinu ya mwili inaazimika: mashavu, pumzi ya mzunguko, namna ya kuegemeza midomo. Mwili wa binadamu haujabadilika tangu 1400.

Ila mpigaji wa Kwale au Lamu si mabaki ya Ulaya yaliyosahauliwa kando ya bahari. Muziki wake una historia yake, ya leo, inayobadilika kila msimu wa harusi. Kuchukua mizani yake na mapambo yake, kuyavika kanzu ya mwaka 1380 na kumwambia msikilizaji "hivi ndivyo ilivyokuwa Florence," ni kufanya makosa mawili kwa pumzi moja. Kama kikundi kinapenda mchanganyiko huo, kiseme ni mchanganyiko. Watu hawakimbii.

Kikundi kipya kinunue nini

Chagueni mji na muongo mmoja kabla ya jambo lolote. Si "zama za kati." Semeni Florence miaka ya 1440: zumari tatu na tromboni. Au Norwich ya 1585, mkitaka filimbi na tromboni nyingi; hapo hata Susato anaruhusiwa kuingia kwa heshima. Uchaguzi huo unaamua ala, kimo cha sauti, vazi na mbinu.

Anzeni na bombadi ya teno, moja, bora kuliko zote mnazoweza kumudu. Bila teno hakuna kinachojengwa, na bombadi mbaya haifichiki. Ifuate zumari ya soprano yenye kimo kilekile, ikiwezekana kutoka kwa fundi yuleyule. Ala ya shaba iwe ya tatu. Kwa miezi ya kwanza mwenye kuisubiri ajifunze sauti yake kwa kuimba, hasa ule mruko wa mwisho. Sare ishonwe wakati huohuo, isisubiri muziki ukamilike, kwa sababu kila kitu mlichozoea mkiwa na fulana kitabidi kijifunzwe tena mkiwa na sufu.

Teno tatu zilizokaa kichwani zinatosha kwa mwaka mzima wa maonyesho, maana hazitoki sawa mara mbili. Zumari ya pili ya soprano inunuliwe mwisho. Ni ya bei nafuu, kila mtu anaitamani, na soprano wawili wanaobuni juu ya teno moja bila kupokezana ni fujo. Wakubaliane nani anapamba na nani ananyamaza, wabadilishane kila teno inaporudi mwanzo.